Gomesi ya Athieno

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimezika kaka zangu wote. Nimezika cherehani mbili, hii ni ya tatu na nayo inakohoa. Mifuko ya plastiki ilitaka kuniua njaa. Upande wa Kenya wakaipiga marufuku, mimi bado nashona. Kwa hiyo mtu asiniambie kitu.

Leo nimeshona tangu asubuhi. Mvua kidogo. Barazani nimetundika mifuko, kila mmoja na msumari wake. Wanawake wanaovuka kwenda Kenya wanapita, wanashika, wanauliza. Hakuna mfuko wangu unaofanana na mwenzake. Mshikio ni mkanda wa suruali. Ndani ni gunia la unga. Nje ni kitambaa ambacho mwenyewe alikichoka, na kifungo kikubwa cha koti la mtumba. Mafundi wa Busia wananiiga. Hawawezi.

Athieno mke wangu bado yuko hospitali, Masafu. Nekesa, mke wa mwanangu, yuko naye. Jioni zote nilikuwa namsimulia Athieno kazi yangu, naye ananicheka. Sasa hakuna wa kumwambia. Ndiyo maana naandika. Shule nilisoma kidogo sana. Herufi zangu zinakwenda kombo lakini zinafika.

Jumanne, 4 Machi

Kitambaa cha leo, jamani! Mama mwenye gesti alinipa mapazia yake ya zamani. Moja nimelikuta kwenye kamba, ndani. Nekesa lazima alilifua kabla ya kwenda Masafu. Laini, linateleza mkononi kama kambare. Jekundu, na madoa ya manjano. Naona ukungu kidogo siku hizi, lakini fundi anaona kwa vidole.

Ajabu ni pindo. Limeshonwa na fundi hodari, karibu anifikie mimi. Kwa nini mtu ashone pazia vizuri hivyo?

Nimelikata. Mifuko mitano. Nimeweka lesi ya zamani mdomoni. Sijawahi kushona mizuri kama hii.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya wanawake wa kanisa. Kila Jumatano wanakuja barazani na matambara yao, nawafundisha. Leo tumefanya mito ya viti kwa shati lililokufa kola. Nawaambia kila siku: kitambaa kikichakaa ndipo kinapata adabu. Kipya kina kiburi.

Mifuko yangu mipya wameigombania. Perusi wa kwaya amechukua mmoja. Mama Taaka, anayeuza samaki wa Majanji, mmoja. Mama Brayo wa viatu vya mitumba, upande wa Kenya, mmoja. Na mwanamke mgeni, alisema anakwenda Tororo, simjui jina. Umebaki mmoja kwenye msumari.

Perusi aliniona natia uzi kwenye sindano. Akataka kunisaidia. Nikamfukuza.

Ijumaa, 7 Machi

Nekesa amekuja kutoka Masafu, mwanangu amebaki na mama yake. Daktari anasema wiki ijayo turudi naye nyumbani. Si kwa kupona. Kwa kukaa naye.

Athieno ameomba gomesi yake, lile gauni refu la mshipi. Ile niliyomshonea mwenyewe, siku ya kwenda kujitambulisha kwao Merikit. Mwaka jana alikonda, nikaifumua niipunguze. Sikuimaliza. Mikono na mshipi viko sandukuni.

Nekesa amefungua sanduku. Akauliza, "Baba, ile sehemu kubwa iko wapi? Sanduku lilivujiwa, niliianika kwenye kamba."

Yeye akaangalia ule msumari wenye mfuko uliobaki. Akaangalia muda mrefu.

Mapazia ya gesti yako kwenye gunia lao. Hayajaguswa.

Nimeikata. Mimi. Lile pindo lilikuwa langu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikulala. Nimekwenda kwa Mama Taaka mapema. Sikusema ukweli. Nilisema uzi wa mfuko ule ni mbovu, utamwaibisha njiani, nampa miwili badala yake. Akacheka. "Mzee, wewe leo unasema uzi wako mbovu? Hebu nikushike kichwa, huenda una malaria." Akanipa. Unanuka samaki hata ukiwa nje ya nyumba. Nekesa ameufua mara nyingi.

Wa Perusi nimeupata kwa uongo uleule. Yeye hakucheka.

Mitatu ninayo. Miwili sina.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja, Awori, dada wa Athieno. Sikuenda kanisani, nikajua atakuja, na amekuja. Mkali tangu nilipomjua.

Hakukaa hata kidogo. Huniita mulamu, yaani shemeji. "Mulamu, ile gomesi iko wapi? Nataka niinyooshe mwenyewe."

Nikasema iko kwenye kazi.

"Kazi gani hiyo tangu mwaka jana? Dada yangu hatavaa nguo ya kuazima. Unajua kwetu."

Najua. Mwanamke anaingia ardhini na gomesi aliyopewa na mumewe siku ile. Dada zake ndio wanamvisha. Wanaikagua, wanaitambua. Wasipoiona watasema mbele ya watu wote kwamba nilimtoa kwao nikamrudisha uchi. Wanaweza kukaa juu ya kaburi, wakatae lisifunikwe. Nimeona wakifanya hivyo kwa jirani yangu.

Lakini si hilo linaloniua. Athieno ameomba kitu kimoja tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimevuka. Mama Brayo yuko na viatu vyake, na mfuko wangu begani. Nikamwambia habari ya uzi mbovu. Akauvuta mshikio kwa nguvu zote mbele ya watu. Haukukatika. Bila shaka haukukatika, niliushona mimi.

"Guka, babu, acha zako. Kastoma wote wanauliza huu mfuko. Siutoi hata kwa kumi."

Nikampa maneno mabaya. Akanipa mabaya zaidi. Yake yalikuwa ya Kiswahili cha vijana, nusu sikuyaelewa, lakini watu walicheka.

Nimerudi mikono mitupu. Nekesa ameweka chakula. Sikukigusa.

Jumanne, 11 Machi

Tororo.

Nilizunguka soko lote natafuta mwanamke nisiyemjua jina. Kila chekundu naona ni ule mfuko. Nikamwona mmoja na mfuko mwekundu. Sikumsemesha, nikaushika niuhisi. Akapiga kelele, "Mwizi!" Neno hilo sokoni ni moto. Walikuja wengi. Nilipigwa ngumi ya mgongo, kofia ikaenda. Nikashika ule mfuko bado, mjinga mimi. Ulikuwa pamba. Haukuwa hata hariri.

Mama mmoja muuza mtama akasimama katikati. Akasema kwa sauti, "Mwacheni! Hamwoni mzee huyu ni kipofu?"

Wakaniacha. Mmoja akaniokotea kofia. Mwingine akanishika mkono hadi stendi, polepole, kama anaongoza mbuzi.

Ngumi haikuniuma. Ni lile neno, kipofu.

Na ni kweli. Mwaka mzima nadanganya watu wote. Uso wa Nekesa siuoni, namjua kwa sauti. Haya ninayoandika siyaoni vizuri, nafuata mstari kwa kidole. Nimekata nguo ya mke wangu kwa sababu sikutaka kusema neno moja.

Jumatano, 12 Machi

Nimevuka tena asubuhi. Mama Brayo aliponiona akaanza. Nikamwambia, "Ngoja. Sioni. Nilikata gomesi ya mke wangu nikidhani ni pazia, na yeye yuko karibu kwenda. Mfuko ulio nao ni kifua chake."

Sijawahi kumwambia mtu maneno kama hayo maishani. Yeye akavua mfuko begani. Akamwaga vitu vyake vyote juu ya viatu, simu, chenji, kitana, akanikunjia mfuko. Nikampa mwingine. Akasema, "Enda, guka. Enda haraka."

Nimefika nyumbani nimekuta wanawake wa Jumatano barazani. Nekesa alikuwa amewaambia. Nilitaka kukasirika. Sikuwa na nguvu ya hasira.

Nikawaambia yote. Kisha nikawapa sindano.

Tumefumua mifuko yote minne. Lesi nje, gunia nje, mikanda nje. Perusi anatia uzi, Mama Taaka analinganisha maua, yale niliyoyaita madoa, ua na ua mwenzake, Nekesa anabana kwa pini. Mimi nakanyaga cherehani. Wananiambia kushoto, kulia, polepole Mzee. Mimi, fundi wa miaka yote hii, naambiwa kushoto.

Mfuko wa tano haupo. Upande wa chini, kushoto, kuna pengo kama mlango mzima. Perusi akasema tuweke pazia la gesti. Nikasema hapana. Athieno hatavaa gesti.

Nimekwenda kwenye msumari wangu chumbani nikachukua kanzu. Ile niliyovaa siku ileile Merikit. Nimeihifadhi kwa siku yangu. Nikaikata.

Alhamisi, 13 Machi

Awori amekuja kunyoosha. Nikamwonyesha kabla hajauliza. Aliishika kila mshono. Nilingoja matusi. Akafika kwenye kile kipande cheupe.

"Hii ni nini?"

"Kanzu yangu."

Akapuliza makaa kwenye pasi. Alinyoosha kile kipande kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemleta. Mwepesi. Nilimbeba mwenyewe kutoka kwenye gari, wakataka kunizuia. Ndani ya nyumba yangu sihitaji macho.

Walimvisha. Akakaa amelala ubavu, mkono unatembea juu ya nguo. Mshono huu, mshono ule. Huyu mwanamke ameishi na fundi, anajua.

"Mzee," akasema, "hii ni gomesi au ni mfuko?"

Nikamweleza. Kila kitu. Tororo pia.

Alicheka, cheko dogo, likamchosha. Akasema alijua kwamba sioni tangu siku ile nilipomsifia nguo mpya, naye alikuwa ameivaa ndani nje. Alingoja niseme mwenyewe. Akachoka kungoja.

Akauliza tena kama ni mfuko. Nikasema ndiyo, ni mfuko.

"Basi nibebe vizuri."

Jumanne, 18 Machi

Alikwenda Jumapili, kanisa likiimba. Nilisikia kwaya na pumzi yake pamoja, kisha kwaya peke yake.

Siandiki mengi. Sina wa kumwambia na kuandika hakunisaidii kama nilivyofikiri.

Ijumaa, 21 Machi

Tulimzika Jumatano. Mvua ilisubiri.

Watu wa Merikit walikuja wengi. Awori ndiye aliyesimama mbele yao. Mama mmoja wa kwao akauliza kwa nini gomesi ina viraka. Awori akamjibu, "Hiyo ni nguo iliyoshonwa mara mbili na mume mmoja. Wako alikushonea mara ngapi?" Hakuna aliyeuliza tena.

Mama Brayo alivuka kutoka Kenya. Alisimama nyuma, na ule mfuko niliompa. Sikumwona. Niliambiwa.

Kanzu yangu inaning'inia kwenye msumari na shimo lake. Nekesa anataka kulishona. Nimemkataza. Nitazikwa nayo hivyo hivyo. Kipande kiko mahali pake.

Athieno aliniagiza nikatibiwe macho. Nekesa anasema twende hospitali kesho. Nimesema mvua ikipungua. Ameshafunga mkoba.

Leo nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Perusi alinitilia uzi, akaacha sindano hapa.

Mtu akisema niliyoandika ni majivuno ya mzee, aende kwa Mama Taaka, kipande chake kiko kwenye bega la kulia. Cha Perusi kiko mgongoni. Cha Mama Brayo ni kifua. Ule ulionibakia msumarini ni ubavu. Kila mmoja anajua alipoweka chake. Awori anakijua changu.