Tundu la Pili katika Taya la Mama Ngalula

Alhamisi. Baridi kavu tangu asubuhi, vumbi la kiangazi limelala hata juu ya kiti cha wagonjwa nilichokifuta jana. Nina furaha na nina aibu, na sijui nianze na lipi.

Nianze na aibu.

Jumatatu alikuja Mama Ngalula, mwuza vitenge wa hapa Kampemba, mtu wa Kasai, mnene wa sauti na mwepesi wa kucheka. Gego lake la chini upande wa kushoto limeoza. Halina usaha wala uvimbe. Nilimchoma sindano ya ganzi pale nilipofundishwa, nyuma kabisa, ndani ya taya, ambapo mshipa wa fahamu unaingia mfupani kupitia tundu dogo. Ukiulaza mshipa pale mlangoni, meno yote ya upande ule yanalala.

Mdomo wake ulikufa ganzi vizuri. Lakini nilipogusa jino tu, alinishika mkono kwa nguvu. Nikamwongezea sindano. Vilevile.

Nikamwambia, "Maman, mudomo imekufa. Ile inabakia ni woga tu."

Akanitazama. "Docteur, nilizala batoto saba. Woga naijua. Hii haiko woga, hii iko maumivu."

Alirudi nyumbani na jino lake. Kabla yangu, waganga wawili wa meno walimwambia maneno yaleyale, na kwa miaka amekuwa akitafuna upande mmoja. Kwenye kadi yake niliandika: mwoga.

Lakini watoto saba! Sentensi ile ilinifuata siku mbili. Jana nikampigia simu aje apigwe picha ya radio, yaani eksirei, ya taya zima.

Leo asubuhi Papa Mumba, fundi wetu wa picha, aliniita kabla hata sijavua koti. "Docteur, kuya uone. Huyu mama iko na njia mbili."

Kwenye picha, mfereji wa mshipa huonekana kama kijia chembamba cheusi kinachoshuka kutoka nyuma ya taya kwenda kidevuni. Upande wa kulia wa Mama Ngalula kilikuwa kimoja. Upande wa kushoto viwili, na cha juu kilikuwa na mlango wake mwenyewe, juu ya ule ninaoujua. Sindano yangu ilikuwa imelaza mshipa wa chini. Wa juu ulibaki macho, ukienda moja kwa moja kwenye gego.

Hakuwa mwoga. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Nilimchoma tena, juu zaidi, karibu na kiungo cha taya, mdomo ukiwa wazi kabisa. Tukangoja robo saa. Jino likatoka, naye hakukunja hata uso.

Kisha akalia. Nilishtuka, nikadhani nimemuumiza.

"Hapana, docteur. Bwana yangu anasemaka miye naigiza. Unipatie ile picha, naenda kumuonyesha."

Nikampa. Nikamwomba na msamaha. Akanipiga begani, akaondoka na pamba mdomoni.

Mchana sikula. Nilikwenda chuoni nilikosomea, nikaomba sanduku la mataya makavu ya maiti tuliyojifunzia. Niliyageuza moja baada ya jingine dirishani, penye mwanga. Tundu moja liko juu, jingine chini, jingine jembamba mno, jingine limefunikwa na kijisahani cha mfupa. Mataya mawili yalikuwa na kitundu cha ziada. Mataya haya haya niliyashika miaka mitano nikiwa mwanafunzi! Nilikuwa natafuta tundu la kitabuni, nikilipata naliweka chini na kuchukua jingine.

Ningeweza kukaa pale hadi wafunge. Je, kuna mifupa mingapi mingine ambayo nimeipitia hivyo?

Niliporudi nilifungua droo ya kadi. Neno "mwoga" nimeliandika mara nne mwaka huu.

Nne.

Wa kwanza ni fundi magari mmoja, kijana mpole, aliyetoka kitini akaomba samahani kwa kunipotezea muda. Nilimpigia.

"Ah, docteur! Lile jino nilishaitosha miye mwenyewe, na pince ya kazi."

"Yote ilitoka?"

"Kipande ingali mule ndani."

Nilimwomba arudi, nikakata simu. Mtu alijing'oa jino kwa koleo la gereji kwa sababu mimi nilimfanya aone aibu ya kurudi.

Atakuja Jumamosi. Nitampiga picha kabla ya kushika sindano, nami nitaitazama bila kujua tayari ninachotaka kuona. Na akisema inauma, inauma.