Kisima cha Upande wa Kulia

Jumanne, 3/6/2025
Mimi Wanyoike niko na miaka sabini na tisa. Nimezika bibi yangu Magdalene, ndugu zangu wote, na daktari aliyesema sigara itaniua. Visima vya Gitothua na Gatongora ni kazi ya mikono yangu. Hakuna mtu Ruiru amechimba kama mimi! Sasa ati kikohozi. Warigia, msichana wangu, amesema kesho ni hospitali ya Thika, nitake nisitake. Naandika kwa sababu nikiongea nakohoa.

Jumatano, 4/6
Thika. Daktari ni msichana mdogo tu, Aoko. Amenigonga mgongo na vidole, vile mimi hugonga mwamba. Nikamwambia hapo ni jiwe tupu, utaumia kidole. Hakucheka. Eksirei kwanza, nimesimama. Halafu skani. Mashine yao ni kama kisima kimelazwa — nikasukumwa ndani. Sauti ya mwanamke ikasema vuta pumzi, shikilia. Hakuna mwanamke hapo. Nikashikilia. Kimya. Halafu ndani yangu, upande wa kulia: ko-ko.
Kwa kisima, aliye chini akigonga ndoo mara moja ni bado. Mara mbili ni vuta.
Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 5/6
Aoko ametuonyesha picha kwa kompyuta. Katikati ya pafu la kulia — shimo! Duara safi, hata mimi ningejisifu. Kwa eksirei nimesimama, maji yako chini. Kwa skani nimelala, maji yamehama. Yamelala na mimi! Nikauliza ni futi ngapi. Akaniita guka, babu, akasema hayo si maji, ni usaha, bakteria wamekula pafu wakaacha shimo. Nimeze dawa. Na kila asubuhi nilale kichwa chini, ubavu mbaya juu, Warigia anipige mgongo na kiganja mpaka uchafu utoke. Usipotoka utamwagikia pafu zuri, nizame nikiwa kitandani.
Aca, hapana! Kisima chenye maji hakiinamishwi. Nitalalia huo ubavu, maji yakae chini mahali pake. Wakataka kunilaza hospitalini, nikakataa. Warigia akasema baba, hata punda huchoka kukataa.

Jumamosi, 7/6
Niko kwa Warigia, Membley. Vidonge nameza. Kuinamishwa, hapana. Joto jingi. Pumzi yangu inanuka kama kisima cha zamani kikifunguliwa. Wakati wa chai, tena — ko-ko.
Nimemkumbuka Absalom, tuliyekuwa tukichimba naye. Tulikuwa Gatongora, yeye chini, mimi juu na kamba. Akagonga mbili. Nikavuta, na hakuna mtu angevuta haraka kama mimi. Kamba ikaja nyepesi. Ukuta ulikuwa umemmeza. Mpaka leo yuko huko.
Alikuwa akigonga hivyo hivyo. Ya pili nzito kidogo.

Jumapili, 8/6
Warigia hakuenda kanisa. Ati midomo yangu imekuwa bluu. Nikamwambia acha ubishi, weka sikio hapa ubavuni, utaniambia kama si jiwe.
Akaweka. Akabonyeza sikio zaidi. 
Akasema, baba, kuna kitu kinabisha.
Mara ngapi?
Mbili.
Basi. Mbili haiulizwi. Hata kama uko na chakula mdomoni, unatema unavuta.
Nimemwambia alete karai na mito. Kichwa chini, kulia juu, kama vile Aoko alisema. Sasa yeye ndiye anakataa! Anataka tukimbie Thika saa hii, funguo za gari ziko mkononi. Nikasema Thika tutaenda, lakini kwanza tumvute Absalom.
Ameweka funguo chini. Anakunja kiganja. Mtoto wa mchimbaji!
Nimegonga kitanda mara moja. Bado. Ngoja kidogo, tunakuja.
Ko-ko.
Warigia ameruka. Amesikia akiwa amesimama tu, bila kuweka sikio. Shahidi wangu ni yeye.