Mbuzi Hakuwa Kwenye Karatasi

Mwende,

Sijui barua kama hii inaanzwa vipi. Nikikuandikia hujambo nitakuwa nakuchokoza, na wewe ulikuwa unacheka mtu akikosea salamu. Basi nianze na shule. Darasa lako nimepewa mimi. Gredi ya Pili yote, wako na wangu pamoja, na jua likipiga yale mabati hata kupumua ni kazi. Nilitandaza sweta langu juu ya kiti chako ili mtu asikikalie, halafu mwenyewe nikakikalia kwa sababu nilichoka kusimama.

Bado sijalia. Kule kwenu Mwala, siku tuliyokuzika, mama yako alinishika mikono akaniambia lia mwanangu, nikamjibu nitalia, kama mtu anayebembelezwa ale. Nimekufa ganzi. Naamka, nachemsha chai, natembea kutoka Mountain View mpaka Kangemi, nafundisha, narudi. Wenzetu kwenye chumba cha walimu walinipa pole, sasa wamerudi kwa mambo yao. Siwalaumu.

Nilitaka kukuambia habari ya vishikwambi. Najua hulipendi hilo neno, ulisema linafanana na jina la ugonjwa wa kuku, na watoto wakakufuata wakawa wanasema tableti. Ulipoondoka, sauti yako ilibaki humo. Ile hadithi ya mbuzi aliyekula sare za shule, uliyoitunga mwenyewe ukairekodi ndani ya stoo ya chakula, kwa sababu kila mahali pengine kelele za magari ya Waiyaki Way zilikuwa zinaingia. Umekaa katikati ya magunia ya mahindi, mimi nimeshikilia mlango. Unakumbuka lile vumbi? "Mbuzi akaona sweta," ukasema, ukakohoa, "aki samahani, ngoja kidogo," halafu ukaendelea, "akala mkono wa kushoto." Nikakuambia turudie. Ukaniambia wacha ikae hivyo hivyo, wajue ni mtu anawasomea.

Presha ilipokuangusha nilidhani mwalimu mkuu atasema tuitoe. Hakusema. Kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa naiwasha. Maneno yanawaka moja moja kwenye kioo, wewe unasoma, watoto wanakufuatisha. Wakifika pale kwa sweta, darasa zima linakohoa. Darasa zima, Mwende, hata wale wa nyuma wasiosikiaga kitu. Halafu wanasema aki samahani, ngoja kidogo, kwa adabu kabisa. Mara ya kwanza nilitabasamu. Baadaye sikuhisi chochote, lakini niliendelea kuiwasha, hata siku ambazo ratiba ilitaka hadithi nyingine. Nilikuwa najiambia ni kwa ajili yao.

Wageni kutoka ofisi ya elimu walikuja wakawasikia, wakapiga makofi. Mwalimu mkuu alifurahi mpaka akaagiza mandazi. Na mimi pia niliamini wanajua kusoma. Watoto walikuwa wanatiririka bila kukwama popote.

Halafu stima ikapotea, vishikwambi vyote vikaisha chaji. Nikasema si neno, hadithi ya mbuzi ninayo kwenye karatasi kabatini. Nikagawa haraka haraka bila kuangalia. Nikamsimamisha Shiku, yule mwenye mwanya, uliyekuwa unamwita mama mkwe kwa vile anavyopenda kukagua madaftari ya wenzake. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma. Alisoma vizuri sana. Kidole kinatembea, sauti inapanda pale ulipokuwa unapandisha wewe. Alipofika kwa sweta, akakohoa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaangalia karatasi, kumbe nilikuwa nimechukua bunda lingine. Ile ilikuwa hadithi ya punda na mvua. Hakukuwa na mbuzi mahali popote, wala sweta. Mtoto alikuwa anapitisha kidole juu ya punda huku anasema mbuzi, na wenzake wanafuata kwenye karatasi zao, wanatikisa kichwa kwamba ndivyo. Nikafunika mistari yote, nikamwachia neno moja tu, nikamuuliza ni nini. Hakuliangalia hilo neno. Alinitazama mimi, akitafuta jibu usoni mwangu. Nikapita dawati kwa dawati, na waliojua walikuwa wachache sana.

Walikuwa hawasomi, Mwende. Walikuwa wamekukariri wewe. Na mwaka ukiisha wangepanda Gredi ya Tatu hivyo hivyo, na huko hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kurudi nyuma akamfundishe mtoto pu na nda.

Stima iliporudi nilikaa na kishikwambi kimoja mapajani, nikakusikiliza mwanzo mpaka mwisho. Nikajua ni nani hasa aliyekuwa anaitaka hiyo hadithi kila asubuhi. Nikaingia kwenye kimoja baada ya kingine, nikaizima.

Siku hizi navitumia kwa njia nyingine. Silabi tunaanza nazo ubaoni, kwa chaki na makofi, halafu mtoto anashika tableti anasoma mwenyewe, inamrekodi, anajisikiliza asikie ni wapi aliruka neno. Ila zile tableti nafasi yake ni ndogo. Zilijaa, zikaniambia nichague cha kufuta. Nikafuta yako. Nakala moja nilihamishiwa kwenye flashi na fundi wa simu wa mtaa wa Luthuli, kule mjini, nikampelekea mama yako. Mimi sikubaki nayo, kwa sababu najijua, ningeirudisha darasani.

Jana Shiku alisoma punda. Pu, nda. A, ka, i, ngi, a. Mistari miwili ilimaliza kipindi karibu chote, na wenzake walichoka wakaanza kupigana viwiko. Nikamchezea rekodi yake. Akakunja uso, akanong'ona, huyu ni nani? Nikamwambia ni wewe, unasoma. Akasikiliza tena, mdomo wazi, na kidole safari hii kilikuwa kinakimbizana na maneno yenyewe.

Asubuhi, saa ile ya hadithi yako, darasani kumekuwa kimya. Kimya hicho kinaniuma, na ndicho kitu cha kwanza kuniuma tangu uende. Nimeona nikuambie hilo pia.

Nakuaga sasa, rafiki yangu. Pumzika. Nakuahidi hakuna mtoto wako atakayevuka kwenda Gredi ya Tatu kabla hajasoma, kwa macho yake mwenyewe, neno ambalo hakuwahi kukusikia ukilitamka. Wengine wameshaanza kuisahau sauti yako. Nitawaacha waisahau.

Njeri