Ombi Ambalo Sikulitaja

Jumamosi, Irving. Joto limekataa kushuka tangu Jumatatu, na hasira yangu vilevile.

Leo ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi ya akina mama. Sisi Wakenya wa huku ughaibuni hukutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, na leo tulikuwa Garland. Tunaimba, tunasoma Neno, kisha anayeongoza anauliza nani ana hitaji la kuombewa. Chai huja baadaye, na mengine huja pamoja na chai.

Ni katika kipindi hicho cha mahitaji ndipo mwenzetu Mama Ken aliponimaliza mwaka jana. (Majina nimeyabadilisha.) Nilikuwa nimemwambia yeye peke yake kwamba nimefeli mtihani wa leseni ya uuguzi mara mbili. Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimeketi palepale, akafumba macho akasema, "Wapendwa, tumsimamie dada yetu. Exam imemkataa, mara mbili sasa. Hii ni vita ya kiroho." Wakaniwekea mikono. Jumatatu shangazi yangu wa Sugar Land akapiga simu kunipa pole. Jumatano akapiga mama, kutoka Nyeri.

Niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Mtihani nilikuja kuupita, lakini zile pole bado zinaniwasha.

Kanisani nilisema, "Nimemwachia Mungu."

Uongo. Nilimwachia Mungu na maelekezo juu yake: ampige wapi, lini, na mimi niwe nimeketi wapi nikitazama.

Basi mwezi huu binti yake, Wanja, akaja kwangu akilia. Ana jambo. Jambo gani? Hata wewe, shajara, sikuambii. Itoshe kwamba likitoka, jina la msichana limeharibika, na mama yake hatainua uso mbele ya wale wanawake. Mama Ken anajua kwamba mimi najua.

Wiki nzima nimekuwa nikitunga ombi. Nilifanya mazoezi ndani ya gari, kwa sauti, nikienda kazini: "Wapendwa, tumsimamie Mama Ken na binti yake..." Lilikuwa tamu. Na nani angenilaumu? Mtu halaumiwi kwa kuomba.

Leo nikauliza, "Kuna mwingine ana hitaji?"

Mama Ken akakaza macho kwenye zulia. Hapo ndipo nilipaswa kufurahi, lakini niliyemwona akilini ni Wanja, kwenye kiti changu cha jikoni, akifuta machozi kwa mkono wa blauzi. Ombi langu lingempita mama yake na kumwangukia yeye. Mimi sina shabaha. Nadhani ndiyo sababu Bwana alisema kisasi ni chake, tusikiguse.

"Kama hakuna, tufunge," nikasema.

Mama Ken hakunishukuru. Alikula mandazi matatu, akaaga watu wote vizuri, mimi akanipa ncha za vidole. Nilitamani kuwaita wote warudi wakae chini. Nimeendesha gari hadi nyumbani nimeuma meno.

Sijamsamehe. Naandika hivyo ili nisijidanganye. Lakini nimeamua: mdomo wangu hautakuwa fimbo ya Mungu. Akitaka kumchapa, anajua anapoishi. Na asipotaka kumchapa kabisa, akimhurumia tu kama anavyonihurumia mimi, sina pa kukata rufaa. Hilo ndilo gumu zaidi, na ndilo nimelikubali leo.

Nikiwa naandika haya, ujumbe umeingia. Ni Wanja.

"Auntie, umewaambia?"

Nimemjibu: Hapana. Na Jumamosi ijayo pia, hapana.