Mkasi wa Mfalme

Mdogo wangu kipenzi,

Pokea salamu nyingi za bibi harusi! Hujambo? Na mguu wa mama, umeacha kumsumbua? Sisi wazima, tena tunapendana mpaka majirani wanakohoa.

Ndoa tamu, nisikufiche. Tangu harusi, kila asubuhi shemeji yako alikuwa akinichana nywele mwenyewe huku akipasha sauti, nami nikiona dunia nzima ni yangu. Unajua yeye ndiye mfalme katika opera ya kikundi chao, ule mchezo ambao kila neno huimbwa. Mfalme huyo amekosa usingizi kwa sababu ya imani mpya iliyoingia mjini kama moshi: haina sanamu wala hekalu, na waumini wake wakichapwa hutabasamu. Anamwita mwanamke wa kwanza kuamini, anamuuliza mungu wake anaitwa nani. Mwanamke anatabasamu tu. Basi anamnyoa mbele ya watu, naye anazidi kutabasamu, hadi mfalme mwenyewe anapiga magoti.

Nywele bandia shemeji yako hazitaki. Husema mkasi lazima usikike mpaka viti vya nyuma, ndiyo maana hapo ala zote hunyamaza. Wasichana wa kwaya walikataa mmoja mmoja. Akaniomba mimi. Nilijiona nimeposwa mara ya pili! Fundi wa mavazi, mama mwenye ulimi wa upupu, aliniuliza kama nimeolewa au nimekodishwa. Nikacheka.

Siku ya onyesho nilikaa miguuni pake. Mkasi wa baridi ukapita juu ya sikio langu, ukumbi mzima ukashusha pumzi. Nikalia, mdogo wangu. Akaninong'oneza nitabasamu, nisimharibie, akanibana shingo kwa goti. Nikatabasamu. Watu wakasimama kushangilia, wakidhani ni machozi ya imani.

Nyuma ya jukwaa nilimsikia kiongozi wa ala akimuuliza kwa nini alioa haraka namna ile. Alijibu akicheka kwamba kibarua hukataa, mke hakatai. Nilisimama nyuma ya pazia, kitambaa kichwani, nikingoja aseme ni utani. Hakusema.

Sasa tunahamia mji mwingine, nami sina tena cha kukatwa. Ameniagiza nikualike. Anasema nywele zako zinafika kiunoni, na wewe ni mpole kama mimi. Jumamosi atakuja mwenyewe kukuchukua, na unamjua mama, hawezi kumnyima mkwewe kitu.

Bado nampenda, nakiri. Akiniita mke wangu, naitika kabla hajamaliza. Kwa hiyo usitegemee kwamba mimi nitamzuia. Leo hii kaa mbele ya kioo, ukate nywele zote, taratibu, ukiimba wimbo uupendao. Akifika, mfungulie mlango ukiwa kipara, umkaribishe kiti.

Msalimie sana mama, umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako, akupendaye kuliko wote.