Mraba Uliolala Upande

Jumanne, usiku

Mwalimu alitupa nukta nne kwenye grafu, tupime pande kwa kanuni ya umbali na kutaja umbo. Zuhura, jirani yangu wa dawati, bado ananicheka. "Pande nne, kila mmoja tano. Unataka nini tena, Maria? Huo ni mraba, bibi wee." Darasa zima liliandika mraba.

Mimi nilikumbuka kitanda changu cha kamba. Hakuna mti wa fremu yake uliofupika, lakini kimelala upande. Basi kwa kanuni ileile ya umbali nikapima pia kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Mistari miwili haikulingana. Si mraba.

Mwalimu alitabasamu. "Jumamosi nitakuja kwenu Kanyenye. Baba yako asikutoe shule kwanza."

Baba anasema niache shule; naogopa atamjibu nini Mwalimu.

Jioni alileta nyundo akinyooshe kitanda. Nimemwomba asubiri mpaka Jumamosi, Mwalimu akione.