Ving'ora Kumi na Kimoja vya Ukumbi Mpya

Athi River, 3 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo unaendeleaje? Mimi na mdogo wangu Nthambi tu wazima, isipokuwa hili vumbi la simiti. Kwa kuwa simu huisikii tena, nakuandikia.

Jana, kiwanda kikiwa kitupu, nilijaribu ving'ora vyote vya moto kwa pamoja. Nadhani hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Huwa wanajaribu ukumbi mmoja mmoja, eti mashine zisisimame. Vililia kidogo, paneli ikaikata laini, vyote vikanyamaza. Laini inatoa ampia mbili. Kila king'ora kinakula miliampia themanini, na nimehesabu thelathini na kimoja: karibu ampia mbili na nusu. Wewe ndiwe uliyeifunga ulipokuwa fundi hapa. Nani aliongeza vile kumi na kimoja vya ukumbi mpya? Nthambi anashona humo, Baba.

Mwanao, Kasiva

Mumbuni, 7 Machi

Mwiitu wakwa, binti yangu Kasiva,

Nimefurahi kupata barua yako. Mgongo ni ule ule. Mvua bado, tunaangalia mawingu tu.

Laini hiyo niliiwekea ving'ora ishirini, nikaacha nafasi ya ziada. Ziada inatosha. Labda betri zimezeeka. Usianze kelele na wakubwa ukiwa bado mgeni. Mwambie Nthambi aombe mashine ya karibu na mlango.

Baba yako

Athi River, 10 Machi

Baba,

Natumai u mzima. Betri ni mpya. Ziada uliyoacha inabeba ving'ora vitano, si kumi na kimoja. Hesabu hiyo ulinifundisha mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni.

Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Meneja anataka niwe nimesaini cheti. Nisiposaini, nifunge virago. Nilimsihi Nthambi asiende kazini, akacheka. Akaniambia, "Si Baba ndiye alifunga hizo vitu? Kwani anaweza kutuchoma?" Wako mia mbili humo ndani, na mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli. Naogopa, Baba. Niambie ni nani.

Mwanao, Kasiva

Athi River, 13 Machi

Baba,

Kesho ndiyo Ijumaa na sijapata neno lako. Nimekipata kitabu cha fundi nyuma ya paneli. Mwandiko naujua.

Kasiva

Mumbuni, 13 Machi, jioni

Kasiva,

Salamu sina leo. Jirani yetu Musili atakuletea hii alfajiri.

Ni mimi. Bosi wa wakati ule alikataa kununua paneli ya pili, nami nikaviunga vya ukumbi mpya kwenye laini ile ile. Nilipiga hesabu kwanza, nikaona haibebi. Ndipo nikaanza kujaribu ukumbi mmoja mmoja, ili kila kimoja kilie vizuri nami nisaini. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Habari ya mashine ilikuwa kisingizio changu, na walionifuata wakaiamini.

Nthambi alipopata kazi humo, nilijua. Nikachinja mbuzi, nikala na wageni, nikanyamaza.

Yote nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, na jina langu na nambari ya kitambulisho. Wape wakaguzi, usinifiche. Lakini kwanza mkamate Nthambi getini umsomee. Habari za majuto yangu usimpe. Mwambie tu asiingie.

Baba yenu,
Aloys Masila